Senema, Umri, na Amana ya Macho

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyetupa masikio na macho na nyoyo, kisha akatubainishia ya kuwa kwa vyote hivyo tutaulizwa. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu, kila likizo za shule zikikaribia hutujia katika darasa yetu suala moja. Hutujia kwa wazee wa huku pwani wanaowapeleka watoto wao Nairobi kwa ami zao na shangazi zao, katika mitaa ya mashariki ya mji ule, Pumwani na Majengo, Eastleigh na Kaloleni, Umoja na Kayole. Nao huuliza: Je, senema ni halali au haramu? Safari hii suala likaja kwa sura nyingine. Mzee wetu mmoja alisimama baada ya darasa akasema: “Mimi simruhusu mwanangu kutazama ila picha iliyotiwa alama na Serikali kuwa yafaa kwa umri wake. Je, dhima imeniondokea?”

Suala hili ni zito kuliko lile la kwanza, kwani amelileta mtu anayejitahidi, si mtu aliyepuuza. Tumeona ni wajibu wetu kulijibu kwa urefu, ili afaidike muulizaji na asiyeuliza.

Wanazuoni wamesema kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi natuanze kwa kuyatazama mambo yalivyo.

Mtaa wa Pumwani si mgeni kwetu. Ulianzishwa mapema katika miaka ya 1920, wakakaa humo Waislamu wengi, na nyumba za Majengo zikajengwa kwa namna tuijuayo, ukumbi katikati na vyumba kuume na kushoto. Kiswahili kikawa lugha ya uani na lugha ya msikitini. Kwa hiyo mtoto wetu akifika kule hujiona yuko kwao, na wazee wake huku pwani hulala usingizi wakidhani ametoka nyumba moja akaingia nyumba ya pili.

Lakini katika mitaa ile, na katika ile iliyozaliwa baadaye, kama Kariobangi na Dandora, vipo vibanda vya mabati vya kuonyeshea picha. Ndani mna mabenchi na televisheni, mlangoni pana pazia, na nje pana ubao ulioandikwa kwa chaki: mpira wa Uingereza saa fulani, picha ya mapigano saa fulani. Kiingilio ni shilingi chache, kiasi kile kile apewacho mtoto akanunue mandazi. Na picha za kigeni zina wasimulizi, na mashuhuri wao ni yule ajulikanaye kwa jina la DJ Afro, ambao huisimulia picha kwa Kiswahili cha mitaani kwa kasi na mzaha, hata asiyejua Kiingereza akaifahamu. Sisi hatuilaumu kazi ya kusimulia kwa asili yake. Kumfahamisha mtu kwa lugha yake ni hisani. Tusemalo ni kwamba sauti ile husikika mpaka nje, nayo ndiyo mbiu ya kibanda. Ubao husomwa na kila ajuaye kusoma, na sauti husikiwa na kila mwenye masikio. Picha yenyewe huenda ikawa na umri wake, lakini tangazo lake halina umri.

Na mtoto asiyeingia kibandani huikuta senema ndani ya matatu, kioo kikiwa mbele ya uso wake, naye hana pa kuyakimbiza macho mpaka afike aendako. Na asiyepanda matatu huikuta katika simu, na mara nyingi simu hiyo ni ya mama yake, aliyompa ili anyamaze.

Serikali ya Kenya haikulinyamazia jambo hili. Iko Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, na kwa sheria hiyo iko Bodi ya Kuainisha Filamu. Bodi huzitazama picha, ikapima yaliyomo ya mapigano, na uchi, na matusi, na vitisho, na ulevi, kisha ikazipa daraja. Zenye alama ya GE ni za watu wote. Zenye PG zataka uongozi wa mzazi. Zenye 16 hazifai kwa aliye chini ya miaka 16, na zenye 18 ni za watu wazima peke yao. Wala sheria haikuishia kwenye picha. Imeyataja pia mabango ya kuzitangazia, kuwa nayo yakaguliwe. Na kwa televisheni, kanuni za nchi zimeweka mpaka wa saa: tangu saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku hakifai kuonyeshwa ila kile kinachowafaa watu wote.

Huenda msemaji akasema: “Ukaguzi huu ni urithi wa mkoloni, mwatuhimiza tuufuate?” Neno lake lina ukweli ndani yake. Katika zama za ukoloni iliwezekana picha iruhusiwe kwa Mzungu na izuiwe kwa Mwafrika, hata akiwa Mwafrika huyo ana mvi na wajukuu. Mtu mzima alihesabiwa mtoto kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Hiyo ilikuwa dhulma. Lakini dhulma ilikuwa katika kile kilichopimiwa, haikuwa katika kupima kwenyewe. Kupima kwa rangi ni jambo la wakoloni. Kupima kwa umri ni jambo letu, na lilikuwa letu karne nyingi kabla ya senema kuzuliwa.

Zisomeni, ndugu zetu, aya ya 58 na ya 59 za Surat An-Nur. Humo Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini kwamba watoto wasiofikia baleghe wabishe hodi katika nyakati 3: kabla ya sala ya alfajiri, na wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya Isha. Kisha akaamrisha kwamba watoto hao wakishabaleghe wabishe hodi nyakati zote, kama wafanyavyo wakubwa wao.

Tazameni mambo yaliyomo ndani ya hukumu hii. La kwanza, kwamba kuna cha kuonekana kisichofaa kwa jicho la mtoto, ijapokuwa ni cha halali kwa wenyewe. La pili, kwamba jicho la mtoto hulindwa kwa saa maalumu. La tatu, kwamba maneno wameambiwa waumini walio wakubwa. Mtoto hakuachiwa ajilinde mwenyewe. Na la nne, ambalo wengi hawalioni, ni kwamba umri ulipozidi masharti hayakupungua, bali yalizidi. Kwa kipimo cha wauza picha, umri ukizidi mlango hufunguka. Kwa kipimo cha Qur'ani, umri ukizidi hodi nayo huzidi.

Kwa hiyo wako wanaokosea pande mbili katika jambo hili, na kila upande wajiona uko salama.

Upande wa kwanza ni wale wanaosema: “Ipigwe marufuku, basi.” Wakisikia imekatazwa hurudi majumbani wakapumzika. Sisi hatukanushi kwamba yako yastahiliyo kukatazwa. Lakini natuzingatie yaliyopita. Mwezi wa Januari 2014 Bodi iliipiga marufuku picha ya Marekani iitwayo The Wolf of Wall Street. Marufuku yenyewe ikawa habari ya magazeti, na jina la picha likafika katika vinywa vya watu ambao pengine wasingelisikia kamwe. Aprili 2018 ikapigwa marufuku picha ya Kenya iitwayo Rafiki. Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku kwa siku 7, na watu wakajaa katika majumba ya senema ya Nairobi kuiona. Hapa hatuingii katika kesi ile. Tunaonyesha tu ya kwamba katazo lisilofuatwa na malezi huweza kugeuka likawa tangazo, tena tangazo lisilolipiwa. Mtu hukizuia kile alichoelewa ubaya wake, asipouelewa, hukitafuta.

Upande wa pili ni wale wanaosema: “Imetiwa alama, basi.” Nao ndio wengi, na mzee wetu aliyeuliza yu karibu nao. Hawa twawaambia: mwenye kuibandika alama na mwenye kuiuza picha si mmoja, na wala hawataki jambo moja. Marekani, ambako daraja za umri zilianzishwa na wenye senema wenyewe mwaka 1968, Tume ya Biashara ya Serikali yao ilifanya uchunguzi ikatoa ripoti Septemba 2000. Tume iliteua picha 44 zilizopewa daraja ya R kwa ajili ya mapigano, yaani asiyetimiza miaka 17 asiingie ila pamoja na mzazi au mlezi. Ikaonekana kwamba katika hizo 44, picha 35 zilitangazwa kwa kuwalenga hao hao wasiotimiza miaka 17, na katika mipango ya biashara ya picha 28 jambo hilo lilikuwa limeandikwa waziwazi. Mfano wake ni mtu aliyetundika kibao mlangoni kwake cha kuonya kuwa ndani mna mbwa mkali, kisha akasimama uani akawarushia watoto mpira.

Na karibu na kwetu zaidi, Septemba 2021 kampuni ya Netflix ilileta Kenya mpango wa kutazama picha bure katika simu za Android, uliodumu mpaka ulipofungwa Novemba 2023. Aliyetaka kujiandikisha alitakiwa athibitishe mwenyewe ya kwamba ametimiza miaka 18. Hatusemi kampuni ilivunja sheria. Tena yajulikana kuwa ina sehemu maalumu ya watoto na kufuli ya namba za siri. Tusemalo ni hili: kwetu sisi, ushahidi wa mtu kwa nafsi yake katika jambo lenye manufaa naye haupokelewi. Basi ni vipi tuutegemee ushahidi wa mtoto wa miaka 11 aliye peke yake na simu chini ya shuka?

Sasa twarudi kwa mzee wetu na suala lake.

Mzee wetu, wewe waijua nyama ya buchani. Ina mhuri wa mkaguzi wa afya. Mhuri ule wakwambia kwamba mnyama hakuwa na maradhi, wala haukwambii amechinjwa na nani na kwa jina la nani. Hata hivyo hununui nyama isiyo na mhuri, kwani afya nayo ni amana. Huuachi mhuri, wala hukomei kwenye mhuri. Alama ya picha ni vivyo hivyo. Picha yaweza kuwa haina damu wala uchi, ikapewa alama ya watu wote, na ndani yake mna ushirikina uliopambwa, na mzazi anayedharauliwa akachekwa, na uwongo uliofanywa werevu. Hayo Bodi haikupewa kazi ya kuyapima kwa mizani yetu. Kazi hiyo umepewa wewe. Mtume wetu (S.A.W.) ametufahamisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na hakusema kwamba ataulizwa mwingine kwa niaba yake.

Tena itazame ile alama ya PG. Maana yake ni kwamba mzazi awepo. Ni nyumba ngapi picha yenye alama hiyo hutazamwa na watoto peke yao, baba yuko barazani na mama yuko harusini? Alama yamwita mzazi, na mzazi hayupo.

Na asidhani mtu kuwa twataka mtoto asitazame chochote wala asicheke. Imesihi katika Bukhari na Muslim kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki katika msikiti wa Mtume, naye akasimama akimsitiri Bibi Aisha kwa nguo yake huku akitazama, asimwondoe mpaka alipotosheka mwenyewe. Na Bibi Aisha baadaye akawausia watu waikadirie hamu ya msichana mdogo kwa mchezo. Katika hadithi hii mna ruhusa ya kutazama mchezo mwema, na mna namna ya kutazama: Mtume hakumtuma Bibi Aisha aende peke yake akatazame. Alisimama naye.

Limebaki suala la vijana. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kijana asiyeonekana kwake dalili nyingine huhesabiwa amebaleghe akitimiza miaka 15 ya mwezi. Kwa sheria ya nchi, utu uzima ni miaka 18. Yuko kijana wa Majengo atakayesema: “Mimi kwa sharia ni mtu mzima tangu nilipofika 15. Mwanizuiaje?” Jawabu lake ni kwamba baleghe haikumletea ruhusa, ilimletea kalamu. Tangu siku hiyo malaika waandika. Aya ya 30 na ya 31 za sura ile ile ya An-Nur, zinazoamrisha kuinamisha macho, hazikuteremshwa kwa watoto. Zimeteremshwa kwa waumini waume na waumini wake walio wazima. Basi alama ya 18 haina maana kwamba mwenye miaka 18 amehalalishiwa. Maana yake ni kwamba Serikali imemwachia hesabu yake, na hesabu iko kwa Mola wake.

Na hapa, ndugu zetu, natuseme kweli juu ya nafsi zetu. Baba anayewafukuza watoto wakalale ifikapo saa 4 usiku, kisha akabaki yeye na picha ambayo ataona haya kuitaja mbele ya mama yake, amewafundisha nini? Amewafundisha kuwa uchafu ni cheo cha watu wazima. Ndiyo sababu mtoto huitamani namba ile ya 18 kama atamanivyo kuota ndevu. Muuza picha hakuhitaji tangazo jingine. Baba amekwisha kumtangazia.

Na lipo lingine lenye uchungu zaidi. Baadhi ya vibanda hivyo vimo katika viwanja na vyumba vya Waislamu, na kodi yake hulipwa kila mwezi mkononi mwa Mwislamu. Twamuuliza ndugu yetu huyo kwa upole: wamjua mpangaji wako aonyesha nini, na kwa watoto wa nani? Lau angekuwa auza pombe, ungelimtoa. Na sisi wa madrasa je? Madrasa zetu hufungwa likizo nzima, kwa kuwa mwalimu naye ataka kupumzika. Kibanda hakifungwi hata siku moja. Mtoto tuliyemkuta mlangoni kwa mwenye kibanda, twamlaumu mwenye kibanda, na ufunguo wa madrasa umo mfukoni mwetu.

Basi yatupasa tufanye haya, nasi tumeyaanza katika darasa yetu.

Kwanza, kila mzazi azijue alama na asimwachie mtoto picha isiyo na alama, kama asivyompa dawa asiyoijua ni ya nini.

Pili, baada ya alama, aulize yaliyomo, na atazame pamoja na mwanawe, na amwambie: hili zuri kwa sababu hii, na hili baya kwa sababu hii. Mtoto aliyeelezwa sababu huibeba mpaka mahali ambapo baba hayupo.

Tatu, mzee wa pwani anayempeleka mwanawe Nairobi asiishie kuuliza chakula na malazi. Amuulize jamaa yake pia: nani atakuwa naye kuanzia alasiri mpaka Isha?

Nne, kibanda kikionyesha watoto yasiyowafaa, tumwendee mwenyewe kwa nasaha njema, naye asiposikia tupeleke habari kwa chifu na kwa Bodi, kwani sheria iko. Kuvunja mabati ya mtu na kumpiga si katika kuamrisha mema.

Tano, madrasa zifunguliwe katika likizo, japo saa 2 kwa siku, pamoja na mpira, na hadithi, na picha njema za elimu zitakazotazamwa na watoto pamoja na walimu wao. Asiyempa mtoto kitu chema cha kutazama asistaajabu akimkuta ameangalia kibaya.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipoanza kuchapa karatasi zake mjini Mombasa, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alitaka Waislamu wa pwani waupokee ulimwengu mpya wakiwa na macho mawili yaliyo wazi, wakachukua linalofaa na kuacha linalodhuru. Senema ni katika ulimwengu huo. Kuikimbia haiwezekani, na kuifuata kipofu hakufai.

Na jawabu la suala, mzee wetu, ni hili: umefanya vyema kuitazama alama, na kwa hilo twataraji utalipwa. Lakini dhima haijakuondokea, wala haitakuondokea mpaka ukae pale mwanao anapotazama.

Ewe Mola wetu, tusafishie macho yetu kabla ya macho ya watoto wetu. Wahifadhi walio karibu nasi na walio mbali nasi. Tujaalie tuwe wachunga wasiolala, na usitufanye kuwa sababu ya kupotea kwa wale uliotupa kuwa amana. Na mwisho wa maneno yetu ni kumshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.